Maji Kwanza, Gundi Baadaye: Kugandisha Kokoto na Mandhari ya Reli ya Modeli

Tone la gundi likiangukia kokoto kavu halizami. Linajikunja kama shanga, linajivika vumbi la kokoto pande zote, linabingirika hadi ubavuni mwa taruma (kipande cha mbao kinacholala chini ya reli) na kuacha shimo pale lilipoangukia. La pili hivyohivyo. Ukifika sentimita 10 mbele, tuta ulilolipanga kwa brashi na subira nyingi limechimbika kama mchanga uliopigwa na mvua, na gundi yote imebaki juu. Kesho yake ukiligusa, ganda jembamba linabanduka kipande kizima, na chini yake kokoto ziko huru kama zilivyomwagwa.

Hakuna kosa linalojirudia kuliko hili kwa watu wa reli za modeli, na mara nyingi husingiziwa gundi. Mtu hubadili aina, huizimua zaidi, huongeza kiasi. Kinachoizuia gundi kuzama ni mvutano wa uso wa maji: vumbi laini lililojaa kati ya punje halilowani upesi, na maji hushikamana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kushikamana na vumbi hilo. Kwa hiyo kokoto lazima zilowe kabla gundi haijazigusa, tena zilowe mpaka chini kabisa.

Maji ya kulowesha ni nusu lita ya maji na matone 3 au 4 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Yasizidi. Sabuni nyingi hutoa povu, na povu likikauka huacha utando mweupe juu ya mataruma. Njia ya pili, ambayo kwa kokoto laini za skeli ya N (modeli iliyopunguzwa mara 160) naiona bora, ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ama yenyewe ama nusu kwa nusu na maji. Inapenya papo hapo na haitoi povu. Lakini inashika moto upesi: zima umeme wa reli, fungua madirisha, na chuma cha kulehemu kikae mbali. Vilevile inaweza kulainisha rangi ya akriliki, hasa ile iliyopakwa karibuni, kwa hiyo ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Chupa ya kupulizia iwe ya kutoa ukungu. Usiielekeze kwenye kokoto. Elekeza mdomo wake juu ya reli, sentimita 30 hivi, ukungu ushuke wenyewe. Ukipuliza moja kwa moja utapeperusha punje za kando na kuharibu mteremko wote. Puliza kidogo, ngoja sekunde chache, puliza tena, mpaka rangi ya kokoto ikolee na maji yaanze kumeremeta katikati ya punje. Kisha chokonoa ukingoni kwa kijiti cha meno. Ukikuta kukavu chini, bado.

Hayo yote huja baada ya kokoto kupangwa, na kokoto hazipaswi kupangwa kabla mambo fulani hayajakwisha. Nyaya za kupeleka umeme kwenye reli ziwe zimeshalehemiwa na kupimwa. Kila kiungo kiwe kimepitiwa na injini ndefu kuliko zote ulizonazo, mbele na nyuma, polepole na kwa kasi. Mbavu za reli ziwe zimepakwa rangi ya kutu, maana brashi ya rangi ikipita juu ya kokoto zilizokwisha gandishwa huzichafua. Nafasi ndogo zilizoachwa kwenye viungo ili reli itanuke ziwe wazi, na mapengo yanayotenganisha umeme yawe yamezibwa kwa kipande cha plastiki. Njia ikishagandishwa haisogei tena. Kona iliyokuwa na kasoro ndogo itabaki na kasoro hiyo, na joto likipanda huku viungo vimejaa gundi, reli hupinda.

Kuhusu ukubwa wa kokoto, hesabu ni rahisi. Kokoto za reli halisi ni za milimita 30 hadi 60 hivi. Gawanya kwa 87 upate za HO (skeli iliyopunguzwa mara 87): milimita 0.35 hadi 0.7. Gawanya kwa 160 upate za N: milimita 0.2 hadi 0.4 tu. Pakiti nyingi zina punje kubwa kuliko hapo. Ukiwa njia panda kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Kokoto kubwa mno huifanya treni nzima ionekane kichezeo, na jicho hulitambua hilo hata kama mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi.

Zipo kokoto za mawe halisi yaliyosagwa na zipo za maganda ya jozi yaliyosagwa na kutiwa rangi. Za maganda ni nyepesi, zinafagilika kwa urahisi, lakini zikiloweshwa haraka huelea na kuhama. Za mawe hutulia. Ukitumia za maganda, ongeza subira katika kupuliza na punguza ukubwa wa matone. Mawe nayo yana tabia yake: gundi huyatia giza, na baadhi hugeuka rangi kabisa. Gandisha kijiko kimoja juu ya kipande cha mbao, ngoja siku moja, ndipo ununue ya njia nzima. Mchanga wa kuokota nje unafaa pia ukioshwa, ukakaushwa kwenye joto la oveni na kuchekechwa. Wa pwani uoshwe mara kadhaa, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na kula chuma. Na kokoto yoyote, ya dukani au ya kuokota, ipitishie sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Punje zenye chuma zikibaki, sumaku za mota ya injini zitazivuta siku moja, na mota ikishameza punje hizo inakwaruzika ndani.

Kiasi kinakadirika. Kwa njia moja ya HO iliyolazwa juu ya utepe wa koki (ile nyenzo ya vizibo vya chupa) wenye unene wa milimita 5, tenga mililita 80 hadi 100 za kokoto kwa kila mita. Karibu nusu hujaza nafasi kati ya mataruma, iliyobaki hufunika miteremko miwili.

Sasa kupanga, na hapa ndipo pa kutumia muda. Mimina kwa kijiko katikati ya reli mbili, kidogo kuliko unavyodhani kinahitajika. Chukua brashi laini bapa ya upana wa milimita 12 hivi, uisukume kwa kufuata reli, isikatishe njia. Kokoto zitajaza nafasi kati ya mataruma, lakini punje chache zitang'ang'ania juu ya mataruma na kwenye vishikizo vya reli. Usizifukuze moja moja. Lalisha brashi mkononi, gonga kichwa cha reli kwa mpini wake, mapigo mepesi ya haraka, huku ukisogea mbele. Reli inatetemeka, punje zinarukaruka kama mtama kwenye ungo, zinashuka zenyewe katikati ya mataruma. Zilizobaki zipanguse kwa ncha ya brashi, au zipulize kwa mrija mwembamba wa kunywea.

Uso wa kokoto uwe chini kidogo ya uso wa taruma, au usawa nao. Usizidi. Ndani ya reli, pale ukingo wa gurudumu unapopita, pasibaki hata punje moja. Ikigandia hapo inainua gurudumu, na behewa jepesi linaacha njia. Kabla ya maji na gundi, sukuma behewa lenye magurudumu ya chuma kwa kidole taratibu na usikilize. Njia safi ina mvumo mmoja. Punje iliyokaa vibaya inasikika kama mlio mdogo, tik, na kidole nacho kinaihisi. Kuiondoa sasa ni kazi ya sekunde moja. Kesho utahitaji koleo na kisu.

Mteremko wa pembeni una vipimo pia. Kwenye reli halisi bega la kokoto nje ya ncha za mataruma huwa kama sentimita 30, yaani milimita 3.5 kwa HO na 2 kwa N. Baada ya bega ndipo mteremko uanze. Hilo ni la njia kuu. Kwenye njia za kuegeshea mabehewa, kokoto huwa chache, chafu, karibu usawa wa ardhi, na bega halipo. Ukizipanga zote kwa namna moja, stesheni itapoteza uhalisia wake. Ukimaliza, zima taa ya juu na ulaze tochi pembeni ya njia. Vivuli vitaonyesha kila bonde na kila kichuguu ambacho mwanga wa juu uliyaficha. Tengeneza sasa. Gundi itakachokigandisha ni kile itakachokikuta, hairekebishi kitu.

Gundi yenyewe ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya PVA, iliyozimuliwa kwa maji: sehemu 1 ya gundi kwa 1 ya maji kwa kokoto kubwa, na 1 kwa 2, hata 1 kwa 3, kwa zile laini. Ongeza tone moja la sabuni ileile. Changanya mapema, taratibu bila kutikisa kwa nguvu, kisha uiache povu liishe. Maji yakiwa magumu, yenye chokaa nyingi, tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, maana chokaa hubaki kama unga mweupe. Badala ya PVA unaweza kutumia midiamu ya akriliki (umajimaji wa rangi ya akriliki usiotiwa rangi) isiyong'aa, sehemu 1 kwa 4 za maji. Hii inakauka bila kumetameta, ambalo ndilo lalamiko kubwa juu ya PVA. Ila unga unaoizuia kung'aa hutuama chini ya chupa. Usipoikoroga kila mara, chupa ikikaribia kwisha utakuwa unamwaga unga huo, na kokoto nyeusi zitatoka na ukungu wa kijivu.

Bomba la sindano la mililita 10 lenye ncha butu linafaa kuliko chupa yenye mdomo mpana. Hesabu tena: karibu asilimia 40 ya ujazo wa kokoto ni nafasi tupu, kwa hiyo kokoto za mililita 80 zinanywa kama mililita 30 za mchanganyiko. Mabomba 3 kwa mita. Ukikuta umetumia nusu yake tu, gundi haijafika chini. Ukiwa umetumia mara mbili, inatiririka mahali usikokutaka.

Anza katikati. Gusisha ncha kwenye taruma, usiache tone lining'inie hewani. Kokoto zikiwa zimelowa vizuri, utaona kitu cha kupendeza: gundi haikai pale ulipoiweka hata sekunde moja. Rangi ya maziwa inatambaa kati ya punje, inapita chini ya reli, inatokeza upande wa pili wa taruma, na hakuna punje iliyosogea. Hiyo ndiyo ishara kwamba maji yametosha. Ikisita na kuanza kujikunja, acha, chukua chupa ya kupulizia, lowesha tena. Ukimaliza katikati, hamia kwenye mabega, uanzie juu ya mteremko na kuiacha ishuke. Simama pale weupe unapoonekana chini ya mteremko kote. Weupe huo usikutishe, unaondoka gundi ikikauka.

Kabla hujaondoka, futa vichwa vya reli kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha acha saa 24 bila kugusa, 48 kama hewa ina unyevu mwingi au tuta ni nene. Chumba kikiwa na baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, PVA haishikani sawasawa. Hukauka kama chaki na kubomoka. Treni isipite hata kwa jaribio fupi, kwa sababu magurudumu yatabeba gundi mbichi na kuisambaza njia nzima. Ikishakauka, safisha vichwa vya reli kwa kitambaa chenye isopropili kilichozungushwa kwenye kijiti cha mbao. Msasa uuache: mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya uchafu wa kesho. Fyonza punje zilizo huru kwa mashine ya vumbi iliyovishwa soksi ya nailoni mdomoni, na kokoto zitabaki ndani ya soksi kwa matumizi mengine. Palipobonyea au palipo huru, jaza, lowesha, gundi tena.

Swichi za njia, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zinahitaji utaratibu tofauti kabisa, na hapa nasisitiza kwa sababu swichi moja iliyoganda inaweza kufunga stesheni nzima. Usitiririshe gundi kwenye swichi. Paka gundi isiyozimuliwa kwa brashi nyembamba juu ya koki, nafasi moja moja kati ya mataruma, nyunyiza kokoto, zibonyeze kidogo kwa kidole, na ikikauka fyonza zilizozidi. Unapata tabaka moja la punje, chini sana ya uso wa taruma, na hakuna umajimaji wa kutambaa. Kabla ya hapo tia tone la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki kwenye bawaba za ndimi za swichi (vipande vya reli vinavyosogea kuchagua njia) na pale ndimi zinapoteleza. Gundi ikifika hapo haitashika. Nafasi mbili zinazopakana na kijiti cha kusukumia ndimi ziache bila kokoto kabisa, lakini uwe umepaka koki ya hapo rangi ya kokoto tangu mwanzo. Macho hayataona pengo. Kama mota ya kusogeza ndimi iko chini ya meza, ziba tundu lake kwa karatasi ngumu ukiacha upenyo wa waya tu, la sivyo gundi itadondokea ndani yake. Na katika saa 2 za kwanza, sogeza ndimi kila baada ya dakika 10 au 15.

Wapo watakaoona njia yao ina kelele kuliko ilivyokuwa kabla ya kokoto. Ni kweli. PVA ikikauka ni ngumu, na kokoto zilizoganda huunda daraja kutoka reli hadi ubao wa meza, na ubao unavuma kama ngoma. Koki, iliyowekwa kuzuia mtetemo, inapoteza kazi yake. Punguza kwa kutoruhusu mteremko wa kokoto kuungana moja kwa moja na ubao: weka tabaka la udongo au sponji pembeni ya koki. Au tumia gundi ya mpira ya maji (lateksi), iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Hubaki inanyumbulika na haipitishi mtetemo sana. Harufu yake ya amonia ni kali wakati wa kazi, lakini huisha ikikauka.

Mandhari hufuata kanuni ileile ya maji kwanza, ingawa mikono inakuwa huru zaidi. Kama ardhi ni ya plasta, ipake rangi ya udongo kabla ya chochote. Plasta isiyopakwa hunyonya maji ya gundi na kuiacha ikauke kabla haijashika. Kama ni bodi ya polistireni (povu gumu jepesi la plastiki), epuka gundi zenye viyeyusho vikali, zinaiyeyusha na kuacha shimo. Pia usitegemee PVA kuunganisha bodi mbili pana za polistireni: katikati itabaki mbichi siku nyingi kwa kuwa maji hayana pa kutokea.

Paka PVA kidogo kwa brashi, chekecha udongo laini kwa chujio la chai, kisha unga wa sponji wa kijani kilichokolea, kisha wa kijani hafifu na vipande vikubwa. Lowesha, dondoshea mchanganyiko wa 1 kwa 3. Nyasi za umeme tuli (nyuzi fupi zinazosimamishwa ndani ya gundi kwa kifaa chenye chaji ya umeme na kichujio) huja mwisho, na gundi yake iwe nzito isiyozimuliwa. Nyuzi za milimita 2 karibu na tuta, za 4 hadi 6 mbali zaidi. Waya wa kifaa ubanwe kwenye msumari uliochomekwa ndani ya gundi mbichi yenyewe, kichujio kikae sentimita 2 au 3 juu yake, ukitikisa taratibu. Fanya eneo la ukubwa wa kiganja kwa mara moja. Nyuzi zikilala badala ya kusimama, angalia mambo manne: gundi imeanza kuota ngozi, betri imechoka, nyuzi zina unyevu, au waya hauguswi na gundi. Fyonza nyuzi zilizobaki kabla ya kuendesha treni yoyote. Zinajisokota kwenye ekseli za injini na kuingia kwenye gia.

Na ukihitaji kubomoa, PVA ina wema ambao gundi ya epoksi haina. Mimina maji ya vuguvugu yenye sabuni, funika kwa kitambaa chenye maji kwa dakika 20 au 30, ndipo upitishe kisu cha plastiki chini ya mataruma taratibu. Reli inanyanyuka nzima, haijapinda. Midiamu ya akriliki huwa kaidi zaidi, nayo hulegea kwa isopropili. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo bado unafikiria kubadili mpango wa njia, gandisha kwa PVA tu. Reli ulizoziondoa zisugue kwa mswaki, zioshe kwa maji safi, na ziache zikauke siku nzima kabla ya kuzirudishia umeme.